Konokono wetu na msiba wa Moorea

Na Rehema Kitwana

Masika yakikolea, konokono wakubwa wa pwani ya Afrika Mashariki hutoka mafichoni. Hupanda migomba, hutafuna mchicha, na asubuhi huacha michirizi ya ute ukutani. Watu wa pwani wamewazoea. Ni vigumu kuamini kwamba safari ya viumbe hawa wapole ilifungua mlango wa msiba kwenye kisiwa cha Moorea, katikati ya Bahari ya Pasifiki.

Moorea ni jirani wa Tahiti, katika Polinesia ya Ufaransa. Milima yake ilikuwa makao ya jamii kadhaa za konokono wa miti waitwao Partula, jamii ambazo hazikupatikana kisiwa kingine chochote. Partula ni mdogo, gamba lake halizidi sana sentimita 2, naye hatagi: huzaa mtoto mmoja mmoja, tena hai. Bonde moja lilikuwa na konokono wa rangi hii, bonde la pili wa rangi ile. Kuna waliojisokota kuelekea kulia na waliojisokota kuelekea kushoto. Mmarekani Henry Crampton alianza kuwachunguza visiwani humo mwaka 1906, akapima magamba kwa maelfu, kwa sababu aliona kwao jinsi kiumbe kimoja kinavyogawanyika taratibu kuwa viwili. Huko Raiatea, kisiwa kingine cha eneo hilo, magamba ya Partula yalitungwa kuwa mikufu, na kazi hiyo iliwapatia wanawake kipato.

Konokono wa Afrika Mashariki alibebwa na watu. Alipita visiwa vya Bahari ya Hindi, akafika India mwaka 1847, akaendelea mashariki. Tahiti alifika mwaka 1967, ameletwa awe kitoweo. Akaingia mashambani, akala mazao. Ndipo wakuu wakamtafutia adui: Euglandina, konokono wa Florida anayekula konokono wenzake.

Euglandina hunusa njia ya ute na kuifuata mpaka amfikie mwenyewe, hata juu ya mti. Aliachiwa Tahiti mwaka 1974 na Moorea mwaka 1977. Mbele yake palikuwa na konokono mgeni mwenye gamba kubwa kama ngumi, na Partula mdogo asiyewahi kuwindwa namna hiyo. Akamshukia mdogo. Kufikia mwaka 1987 watafiti hawakumpata tena Partula hai katika misitu ya Moorea.

Miaka kumi tu.

Kinachouma zaidi ni kwamba somo lilikuwepo. Hawaii walimleta Euglandina huyo huyo mwaka 1955 kwa ajili ya konokono huyo huyo, na konokono wa asili wa kule walikuwa wakiliwa. Aliyetia sahihi Moorea iachiwe mwindaji alikuwa na mahali pa kuuliza kwanza.

Wakazi wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam wanalijua jambo hili kwa macho. Kunguru wa India waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka. Leo wanapora mayai na makinda ya ndege wa asili. Kumtumia kiumbe dhidi ya kiumbe si kosa lenyewe. Kidung'ata wa mihogo alipoishambulia Afrika, nyigu mdogo kutoka Paraguay aliletwa katika miaka ya 1980 na akaokoa mashamba ya mamilioni ya wakulima. Tofauti ni kwamba nyigu huyo alichunguzwa kwanza, ikathibitika anamwandama kidung'ata yule tu. Euglandina hula konokono yeyote anayemweza. Serikali yoyote ya kanda hii inayoletewa ofa ya mdudu, samaki au ndege wa kutibu tatizo inapaswa kudai jibu la swali moja kabla ya mzigo kushuka bandarini: atakula nini kingine?

Partula waliosalia waliokolewa katika visanduku vya plastiki, kwenye bustani za wanyama za London, Edinburgh na kwingineko. Si wote waliopona. Partula turgida wa mwisho duniani alikufa London tarehe 1 Januari 1996, ameuawa na kimelea. Wengine walizaana, na katika muongo uliopita wakaanza kurudishwa visiwani, kila mmoja akipakwa nukta ya rangi kwenye gamba ili atambulike usiku kwa kurunzi. Euglandina bado yumo msituni humo.

Mwaka 2024, kwenye miti ya Moorea, watafiti walimwona Partula tohiveana aliyekwisha kukomaa. Walimmulika, wakalitazama gamba lake. Halikuwa na nukta. Alikuwa amezaliwa humo humo.