KUFUKUZA BIBI SI KUVUNJA NDOA

Wasomaji wetu wa Ibanda, wa Kadutu na wa Bagira, leo hatuandiki habari za viongozi wala za mikutano. Tunaandika habari za nyumba zetu, kwa maana taifa haliwezi kusimama imara ikiwa nyumba za wananchi zinavunjwa ovyo.

Kila mmoja wetu amekwisha kusikia shauri la namna hii. Bwana na bibi wamekaa pamoja miaka kumi pale Panzi au pale Ndendere. Wamezaa watoto, wamejenga nyumba ya matofali. Siku moja bwana anatupa vyombo vya bibi nje na kusema: « Nimekuacha, rudi kwenu. » Kisha anatuma watu kwa wakwe kudai ng'ombe zake. Mwezi haujaisha, mwanamke mwingine ameingia katika nyumba ile ile. Majirani wanasema: « Hawa wamekwisha kuachana. »

Sisi twasema: hapana, hawajaachana. Katika nchi yetu ya Kongo ndoa haivunjwi kwa mdomo, wala kwa ngumi, wala kwa kurudisha ng'ombe. Bwana na bibi wakiwa hai, kitu kinachovunja ndoa yao ni hukumu ya tribunali. Sheria imekataza kabisa bwana kumfukuza bibi na kuiita kazi ile talaka. Bibi aliyetupwa njiani jana, leo bado ni bibi wa nyumba, na haki zake zingali zote.

Tukumbushane tulikotoka. Wakati wa Wabelgiji palikuwa na njia mbili. Mzungu alikuwa na kitabu chake cha sheria na jaji wake. Mwafrika alipelekwa kwenye tribunali za wenyeji, zilizopangwa kwa dekreti ya 1926, na huko alihukumiwa kwa desturi ya kabila lake. Tena wakubwa wale walipotaka kugeuza desturi, waliigeuza bila kutuuliza. Dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataza ndoa mpya za wake wengi kuanzia Januari 1951, nayo iliandikwa na watu ambao hawajapata kulala katika nyumba zetu hata usiku mmoja.

Uhuru ulifika 1960, lakini tulingoja miaka 27 kupata sheria moja ya jamaa kwa Wakongo wote. Ilitiwa sahihi tarehe 1 Agosti 1987. Sheria ile haikutupa desturi zetu. Mahari imo ndani yake: Mshi anayetoa ng'ombe na Mrega anayetoa mali ya kwao, wote wanatambuliwa. Lakini ilikuwa na kilema kikubwa. Ilimtaka mwanamke aliyeolewa aombe ruhusa ya bwana wake kabla ya kufanya mapatano yanayomfunga mbele ya sheria. Tena iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mambo hayo yalirekebishwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016: ruhusa ile imeondolewa, na umri wa ndoa ni miaka 18 kwa wote wawili. Ilitupasa kungoja miaka 29 ili mama zetu wahesabiwe kuwa watu wazima.

Basi sheria tunayo. Shida ni kwamba wengi wetu hatujui mlango wake uko wapi. Tueleze njia yenyewe hatua kwa hatua.

Kwanza, mashauri ya ndoa, ya watoto na ya urithi huanzia tribunali ya amani. Hii ndiyo tribunali iliyo karibu na mwananchi. Anayetaka kuvunja ndoa hupeleka ombi lake kwa mkubwa wa tribunali ya mahali anapokaa mwenzake, au ya mahali walipokaa pamoja mara ya mwisho. Asiyejua kuandika asiogope, maana ombi laweza kutolewa kwa maneno ya kinywa.

Pili, jaji havunji ndoa siku ile ile. Kazi yake ya kwanza ni kupatanisha. Anamsikiliza mwenye ombi na kumpa mashauri. Kisha anawaita wote wawili katika chumba chake, si mbele ya umati. Hapa tuwajibu wazee wanaosema kwamba tribunali ni nyumba ya kubomoa jamaa. Wazee wetu waheshimiwa, sheria inafanya kama ninyi: inaketisha watu wawili na kuwauliza kama moto umezimika kabisa. Tena inapokuwa lazima kuhukumu kwa desturi, tribunali huketi pamoja na watu wenye heshima wanaoijua desturi ile. Nafasi yenu ipo.

Tatu, mapatano yakishindikana, hilo linaandikwa, na shauri linaanza. Jaji hatafuti tu nani alimtukana nani. Anatafuta kama maisha ya pamoja hayawezekani tena. Mapigo, kuachwa bila chakula, kutengana kwa miaka mingi, hayo yote anayapima. Na wakati shauri linaendelea anaweza kuamua kwa muda nani akae nyumbani, nani alinde watoto, na nani atoe fedha za kuwalisha.

Nne, hukumu inagawa mambo. Watoto si mali ya ukoo kama ng'ombe: jaji anatazama faida yao kwanza, si ukubwa wa mahari iliyotolewa. Juu ya mali, watu wengi wamedanganyika. Bwana na bibi wasipochagua jambo lingine siku ya ndoa, sheria inahesabu kwamba mali waliyoipata wakiwa pamoja ni ya wote wawili, hata kama karatasi ya kiwanja imeandikwa jina la bwana peke yake. Mama aliyeuza samaki na ndizi miaka kumi ili mabati yanunuliwe, naye ana sehemu yake katika mabati yale. Na mahari, kama desturi ya wahusika inataka irudishwe, shauri hilo nalo hupelekwa kwa jaji. Halimalizwi kwa kumfunga kamba ng'ombe wa mkwe usiku.

Tano, asiyeridhika na hukumu anaweza kukata rufani kwenye tribunali kubwa. Siku za rufani zinahesabiwa, kwa hiyo mtu amuulize grefye mara moja siku ya mwisho ni ipi. Na hukumu ikiisha kukaa imara, lazima iandikwe katika kitabu cha ndoa cha komine. Kabla hukumu haijakaa imara, mtu hayuko huru kuoa au kuolewa tena.

Sasa tuseme neno ambalo sisi makarani wa migodi tunalijua kuliko wengine. Vijana wa Bukavu wanakwenda Kamituga, wanakwenda Shabunda, kutafuta dhahabu. Huko wanapata bibi wa pili, na bibi wa kwanza amebaki Ibanda na watoto. Bwana akifa shimoni, wanawake wawili wanafika dirishani kwa karani, kila mmoja na watoto wake, kila mmoja analia machozi ya kweli. Karani hawezi kupima machozi. Anauliza karatasi. Mara nyingi yule aliyetolewa ng'ombe mbele ya wazee wote hana karatasi hata moja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndoa ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kabla ya kusema juu ya talaka, tuseme juu ya kuandikisha. Ndoa iliyofungwa nyumbani mbele ya jamaa ni ndoa ya kweli, lakini sheria inataka ipelekwe komine katika mwezi unaofuata ili iandikwe. Mtoto naye aandikwe katika siku 90 tangu kuzaliwa kwake. Mtu asiyeandikwa anapofika mbele ya jaji analazimika kwanza kuthibitisha kwamba aliolewa, kwamba watoto ni wa bwana yule. Huanza safari akiwa nyuma ya mwenzake.

Hatufichi matata. Mwananchi maskini anaogopa gharama za tribunali, na anaogopa zaidi matabishi yanayoombwa pembeni. Na ajue haya: aliye maskini kweli anaweza kuomba atambuliwe hivyo ili asilipe gharama, na ofisi ya mashauri ya bure ya avoka imewekwa kwa ajili yake. Na wakubwa wa sheria nao tunawaambia bila kigugumizi: bandikeni ukutani bei ya kila karatasi, ili mama wa Panzi asome, au asomewe, na ajue kwamba kinachozidi hapo ni wizi.

Liko tata jingine zito. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na kazi ya tribunali za Serikali katika mji wetu ikavurugika. Mashauri ya ndoa yalikwama katikati. Wengine wametumia nafasi hiyo kusema: « Hakuna jaji, basi nafanya nipendavyo. » Huo ni uongo. Jaji akiondoka, sheria haijaondoka pamoja naye. Bwana anayefukuza bibi leo kwa kuwa mlango wa tribunali umefungwa, ataulizwa siku mlango utakapofunguliwa. Na yeyote anayekubali hukumu ya mtu asiyewekwa na sheria ajue kwamba hukumu ile inaweza kukataliwa kesho, na hapo ndoa yake mpya itakuwa nyumba iliyojengwa juu ya mchanga.

Katika siku kama hizi, twashauri mambo matatu. Tunzeni karatasi: za ndoa, za watoto, za kiwanja, na nakala zake ziwekwe kwa ndugu mwaminifu mahali pengine. Andikeni majina ya mashahidi waliokuwapo siku ya mahari, wangali hai na wanakumbuka. Na wazee wapatanishe wanaopatanika, waweke pia mapatano ya muda juu ya chakula na shule ya watoto, bila kujifanya wamevunja ndoa.

Baba zetu walikasirika walipoona Mzungu ana jaji wa kitabu na wao hawana. Walidai sheria moja kwa watu wote, na watoto wao wakaiandika. Je, sisi tutaifungia sandukuni na kurudi kuhukumiana kwa nguvu za mkono? Bwana anayempeleka bibi yake mbele ya jaji badala ya kumtupa njiani, huyo ameonyesha kwamba anajua maana ya kujitawala. Naye bibi anayekwenda kudai haki yake asiitwe mwanamke mbaya. Anafanya kazi ya raia.

Someeni jirani zenu maneno haya.