Ndani ya loji, nani huchagua na nani huteua?

Neno Frimasoni likitajwa mbele ya watu, aghalabu mazungumzo hugeuka mara moja kuwa ya damu, nyoka na utajiri wa ghafla. Matapeli wamejifunza kuvuna fedha kutokana na hofu hiyo. Hubandika namba za simu kwenye nguzo za umeme, wakiahidi kumwingiza mtu kwa malipo. Na wapo wenye elimu zao, nasikitika kusema, waliotuma malipo hayo. Makala haya hayana haja na nyoka. Kila jumuiya ya watu, iwe ya siri au ya wazi, yapasa iulizwe maswali yale yale tunayouliza chama cha ushirika: nani humchagua kiongozi, kwa muda gani, nani hushika fedha, na mwenye malalamiko huenda wapi?

Tuanze na loji, yaani tawi, chini ya Loji Kuu ya Uingereza. Mkuu wa loji huchaguliwa na wanachama kwa kura ya siri kila mwaka. Kwa kawaida hawezi kuchaguliwa mtu ambaye hajapata kutumikia mwaka mzima akiwa mmoja wa Wasaidizi wawili wa Mkuu, wala hawezi kukalia kiti kwa zaidi ya miaka miwili mfululizo bila kibali maalumu. Akisha kukalia kiti, yeye ndiye huwateua Wasaidizi wake, Katibu na maofisa wengine. Lakini Mweka Hazina hamteui. Huyo huchaguliwa na wanachama wenyewe, na hesabu zake hukaguliwa kila mwaka na wanachama waliochaguliwa kwa kazi hiyo. Hapa pana hekima isiyohitaji kiapo wala vazi la sherehe. Ni wangapi kati yetu hatujaona chama cha kusaidiana cha shule moja, ambamo mwenyekiti ndiye pia mwenye ufunguo wa kisanduku?

Kuhusu kuingia, neno ni la wanachama. Jina la mwombaji hupigiwa kura kwa gololi, nyeupe na nyeusi. Nyeusi tatu zatosha kumkataa, na loji yaweza kujiwekea kanuni kali zaidi. Mkuu hana uwezo wa kumpitisha rafiki yake aliyekataliwa na sanduku. Kwa upande mwingine, uamuzi wa Mkuu juu ya utaratibu wa kikao haupigiwi kura. Asiyeridhika hukata rufaa ngazi ya juu. Vivyo hivyo, loji yaweza kumtoa ndugu katika safu zake, lakini kumfukuza katika Frimasoni nzima ni mamlaka ya Loji Kuu peke yake.

Basi chini kabisa tunaona kura, muda maalumu na ukaguzi. Tukipanda ngazi, sura hubadilika.

Loji Kuu ni mkutano wa Wakuu wa loji, Wasaidizi wao, na wale waliopata kuwa Wakuu. Mwanachama wa kawaida hana kura humo. Mkutano huo humchagua Mkuu wa Wafrimasoni wote kila mwaka, lakini uchaguzi huo una maana gani hasa? Duke wa Kent alichaguliwa mwaka 1967, akaendelea kuchaguliwa mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya nusu karne. Naye ndiye huteua manaibu wake. Na ndiye huteua Wakuu wa Majimbo huko Uingereza na Wakuu wa Wilaya katika nchi za nje. Afrika Mashariki ni mojawapo ya Wilaya hizo. Marehemu Andy Chande, yule ambaye vinu vya familia yake vilitaifishwa mwaka 1967 na kisha serikali ikamwomba aongoze Shirika la Taifa la Usagishaji, alipata kuwa Mkuu wa Wilaya hiyo, wala hakuficha. Mfrimasoni wa Dar es Salaam au Nairobi aliye chini ya Uingereza humchagua Mkuu wa loji yake kwa kura ya siri. Mkuu wa Wilaya yake humpokea kwa barua kutoka London.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja, na si hoja ya kipuuzi. Wanasema kwamba jumuiya ya udugu haiwezi kustahimili kampeni. Wanakumbusha kwamba Wafrimasoni wa Uingereza waligawanyika kuanzia mwaka 1751, wakawa na Loji Kuu mbili zilizotukanana hadi walipoungana mwaka 1813, na kwamba mwana wa mfalme akikalia kiti, wakubwa wengine hawana sababu ya kukigombania. Mimi nasema kuwa amani iliyopatikana kwa njia hiyo ilikuwa na gharama, na waliolipa gharama hiyo hawakuwa London.

Huko Boston, Marekani, tarehe 6 Machi 1775, Prince Hall na watu weusi wengine 14 waliingizwa katika Frimasoni na loji ya askari iliyokuwa chini ya Ireland. Walikuwa ndugu kamili kwa kila kanuni. Lakini loji haiwezi kuishi bila hati kutoka juu, na wazungu wa Massachusetts hawakuwapa hati hiyo. Hall akaiomba London. Hati ilitiwa tarehe 29 Septemba 1784, ikafika Boston mwaka 1787, na African Lodge Namba 459 ikazaliwa kisheria. Mwaka 1797 ndugu hao wakawasaidia weusi wenzao wa Philadelphia na Providence kuunda loji zao. Hata hivyo, muungano wa mwaka 1813 ulipofanyika, London iliifuta African Lodge kwenye daftari lake, kama ilivyozifuta loji nyingine ambazo mawasiliano yao yalikuwa yamekatika. Mwaka 1824 Boston waliandika wakiomba, hawakujibiwa. Mwaka 1827 wakatangaza kuwa wanajitawala.

Tazama sasa jinsi kanuni inavyoweza kutumiwa kama rungu. Marekani haina Loji Kuu moja ya taifa. Kila jimbo lina yake, nayo haipokei amri kwa yeyote. Kwa muda mrefu Loji Kuu za wazungu zilikataa kuwatambua warithi wa Prince Hall kwa kisingizio cha utaratibu: eti loji moja haina uwezo wa kuzaa loji nyingine, na aliyefutwa daftarini hawezi kujipa mamlaka. Maneno hayo yalikuwa na sura ya sheria, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mlango ulifungwa kwa rangi ya ngozi. Connecticut ilifungua njia ya utambuzi mwaka 1989. London iliwatambua wa Massachusetts mwezi Desemba 1994, yaani miaka 210 baada ya kuwatilia hati. Katika muda wote huo loji za weusi zilichagua Wakuu wao, zikatunza hesabu zao na kuzika wafu wao. Mamlaka ya ndani walikuwa nayo yote. Walichonyimwa ni kile ambacho kura ya ndani haiwezi kukipata.

Kuna hatari nyingine, kinyume cha hiyo. Ni pale kiongozi wa juu anapoitoa loji moja nje ya mgawanyo wa madaraka. Mfano wake ni Italia. Chini ya Loji Kuu iitwayo Grande Oriente palikuwa na loji iliyojulikana kama P2, na majina ya wanachama wake yalikuwa siri ya Mkuu wa Loji Kuu. Haikuwa na sanduku la gololi ambalo ndugu wa kawaida angeweza kulitumia, wala wa jimboni hawakujua nani yumo. Mkuu aliyeitwa Lino Salvini alimkabidhi uongozi wake mfanyabiashara Licio Gelli. Tarehe 17 Machi 1981 mahakimu wapelelezi walipekua ofisi za Gelli wakakuta orodha ya majina 962: mawaziri, wabunge, majenerali, wakuu wa idara za ujasusi, wenye mabenki na wenye magazeti. Serikali ya Arnaldo Forlani ilianguka Mei mwaka huo, na mwezi Januari 1982 ikatungwa sheria ya kuivunja P2 na kupiga marufuku vyama vya siri vyenye kuingilia kazi za vyombo vya dola.

Msomaji aangalie jambo hili kwa makini. Italia haikuumizwa na viapo wala aproni. Iliumizwa na loji ambamo mtu mmoja alichagua nani aingie, akaficha nani ameingia, na hakuwa na wa kumjibu. Jenerali na mwanasiasa waliopaswa kuchungana wakiwa kazini wakawa ndugu usiku. Bunge, jeshi na benki vilitenganishwa na katiba, vikaunganishwa na orodha moja katika kasha la Gelli.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema kwamba uanachama wa mtumishi wa umma ni jambo la nyumbani kwake. Uingereza ilijaribu. Kuanzia mwaka 1998 majaji wapya walitakiwa kueleza kama ni Wafrimasoni. Mwaka 2009 masharti hayo yakaondolewa, baada ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kuamua dhidi ya Italia kwamba Wafrimasoni wasibaguliwe katika nyadhifa za umma. Mahakama hiyo ilikuwa na haki kwa kiasi fulani: kuwatenga Wafrimasoni peke yao ni ubaguzi, tena hulisha uvumi ule ule wa nyoka.

Dawa ya ubaguzi huo ni kuuliza wote. Sheria yetu ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 humtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake. Fomu hiyo ingeongezewa mstari mmoja, uwe ni kwa kila chama ambacho wanachama wake huahidiana msaada, kiwe cha viapo, cha watu wa mkoa mmoja au cha waliosoma shule moja. Na mbele ya jina la chama, mhusika ajaze ni nani aliyempa cheo alicho nacho humo, wanachama wenzake au mtu wa juu. Ofisa anayeketi kwenye jopo la usaili mbele ya ndugu yake wa loji ajitoe, kama anavyojitoa mbele ya mtoto wa dada yake.