Mto wa Mji Una Wenyewe Wengi: Thames, Mwendo wa Vyombo na Wimbi Linaloachwa Nyuma

Itakumbukwa kwamba usiku wa kuamkia tarehe 20 Agosti 1989, katikati kabisa ya jiji la London, meli ya kuchimba mchanga iliyoitwa Bowbelle iliigonga kwa nyuma mashua ya starehe iliyoitwa Marchioness, karibu na daraja la reli la Cannon Street. Meli ilikuwa na urefu wa mita 80 hivi. Mashua ilikuwa na mita 26 tu. Ndani yake walikuwamo watu takribani 130, wengi wao vijana waliokusanyika kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao. Mashua ilizama kwa muda mfupi kuliko ule ambao mtu angehitaji kupanda ngazi na kutoka nje. Watu 51 walipoteza maisha, tena si katika bahari kuu wala katika tufani, bali kati ya kuta mbili za mawe, chini ya taa za mji.

Tunalirudia tukio hili kwa sababu mjadala ulioamka siku hizi katika miji mingi yenye mito ni mjadala wake yeye, ingawa wanaojadiliana hawalitaji. Miji iliyoipa mito kisogo kwa miaka mingi, ikaifanya mifereji ya taka na viwanda, sasa inairudia kwa shauku. Kingo zinapambwa kwa hoteli na njia za kutembea. Majini kuna boti za abiria waendao kazini, boti za watalii, mashua za makasia, kayaki za kukodi, matishari ya mizigo na boti za mwendo kasi zinazouza msisimko kwa tikiti. Wote wanaigombea njia moja, na njia yenyewe haipanuki. Katika mabishano hayo, jibu linalotolewa kwa haraka ni kuweka kibao: punguza mwendo, usitoe mawimbi. Katika miji ya Marekani, kwa mfano katikati ya Chicago, sharti hilo humtaka mwendeshaji aende kwa kasi ndogo kabisa inayomtosha kuushika usukani.

Kibao hicho kina hekima, lakini watu wengi wanakielewa visivyo. Wanadhani kinahusu mwendo, kumbe kinahusu wimbi. Chombo kinapokwenda huyasukuma maji pembeni, na maji yaliyosukumwa husafiri kama wimbi hadi yakutane na kitu. Nguvu ya wimbi hilo haiongezeki sawa na kimo chake, kwa maana wimbi lililo refu mara mbili hubeba nguvu mara nne. Ndiyo maana boti mbili zinazoonekana kufanana zinaweza kupita mbele ya gati moja, ya kwanza ikaiacha mashua iliyofungwa pale ikitikisika kidogo, na ya pili ikakata kamba zake.

Jambo ambalo hata waendeshaji wazoefu hulisahau ni hili: kupunguza mwendo nusu nusu kunaweza kuleta madhara makubwa kuliko kutopunguza kabisa. Boti ya kasi inapokwenda polepole huelea juu ya maji bila vurugu. Inapokwenda kasi sana hunyanyuka na kuteleza juu ya uso wa maji. Kati ya hali hizo mbili ipo hali ya katikati, ambapo omo limeinuka, shetri limezama, na nyuma yake linaburutwa wimbi kubwa kuliko yote. Mwendeshaji anayeona kibao akavuta nguvu ya injini kidogo tu, akijihesabu kuwa ametii, huenda ndiye anayemzamisha mvuvi aliyeko ukingoni. Kwa sababu hiyo, sheria inayotaja kilomita kwa saa peke yake haitoshi. Inafaa pia imfanye kila mwendeshaji awajibike kwa wimbi analoliacha nyuma yake, hata kama hakuvuka kasi iliyoandikwa.

Thames una ugumu wake wa ziada. Katika karne ya 19 mhandisi Joseph Bazalgette aliubana mto kwa kujenga kuta za mawe zinazoshika maji taka na barabara. Sehemu ya Victoria ilifunguliwa mwaka 1870. Ukuta uliosimama wima haulimezi wimbi kama ulivyofanya ufuko wa matope na matete. Hulirudisha. Wimbi la boti moja huvuka mto, hugonga ukuta, hurudi na kukutana na wimbi la boti nyingine, hata maji yakachemka bila upepo. Zaidi ya hayo, maji ya London hujaa na kupwa. Tofauti kati ya kujaa na kupwa kwenye Daraja la London yaweza kufikia mita 7 wakati wa bamvua, na mkondo unaopita chini ya madaraja una nguvu ya kumshinda mtu yeyote aliyezoea kuogelea kwenye bwawa.

Je, wamefanya nini? Mamlaka ya Bandari ya London imeugawa mto kwa sehemu. Kutoka Daraja la Wandsworth kwenda juu, ambako wapiga makasia ni wengi, mwendo wa juu ni noti 8, yaani kilomita 15 hivi kwa saa. Kutoka hapo kushuka hadi kupita katikati ya jiji ni noti 12, karibu kilomita 22. Boti zenye kibali maalumu huruhusiwa kukimbia hadi noti 30, ila mpaka zimeshaipita Tower Bridge na kuingia sehemu pana ya mashariki. Boti za walimu wa makasia, zilizoundwa kwa makusudi zitoe wimbi dogo, zimepewa msamaha wa aina yake, kwa kuwa kinachohofiwa ni wimbi. Boti za abiria waendao kazini nazo ni za viunzi viwili vyembamba, ambavyo hukata maji badala ya kuyalima.

Madarajani kuna taa nyeupe zinazomulika kumwonya mwenye chombo kidogo kwamba chombo kikubwa kinakaribia tao lile. Zikimulika upesi upesi, vinavyokaribia ni zaidi ya kimoja. Na ipo desturi moja ya kale ambayo bado ni sheria: mafundi wanapofanya kazi chini ya daraja na kimo cha tao kikapungua, hutakiwa kuning'iniza furushi la nyasi kavu mchana, na taa nyeupe usiku. Mwaka 2023 furushi hilo lilionekana likining'inia chini ya Daraja la Milenia, daraja la chuma la karne ya 21, na wapita njia wakalicheka. Nahodha hakucheka. Alama ambayo kila mtu wa mtoni anaielewa ina thamani kuliko mtambo ambao nusu yao hawana.

Hata hivyo, tusijidanganye. Kikomo cha mwendo peke yake kisingeiokoa Marchioness. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Clarke, uliotoa taarifa yake mwaka 2001, uliona kwamba chanzo kikuu kilikuwa kutoangalia, kwa vyombo vyote viwili. Chumba cha usukani cha Bowbelle kilikuwa nyuma, na mitambo ya kuchimbia mchanga ilimzuia nahodha kuona kilicho mbele. Aliyewekwa omoni hakuwa na njia ya kufaa ya kupeleka habari kwa wakati. Mshika usukani wa Marchioness naye hakuweza kuona vizuri kilichokuwa nyuma yake, kwa jinsi mashua ilivyojengwa. Na vyote viwili vilikuwa vikielekea matao ya katikati. Nahodha wa Bowbelle alikuwa amekunywa pombe mchana uliotangulia. Wenye vyombo, kwa upande wao, walijua au walipaswa kujua udhaifu huo, nao hawakutoa maelekezo ya kutosha. Sidhani kwamba upungufu wa sheria ulikuwa tatizo. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano, za mwaka 1972, zilikuwa tayari zinadai mambo hayo mawili waziwazi: kuangalia kwa macho na masikio wakati wote, na kwenda kwa mwendo salama kulingana na hali.

Miaka thelathini baadaye Budapest ilirudia kisa kilekile, karibu neno kwa neno. Tarehe 29 Mei 2019, usiku wa mvua, mto Danube ukiwa umefurika, meli ya watalii Viking Sigyn yenye urefu wa mita 135 iliipita na kuigonga mashua Hableány yenye mita 27 chini ya Daraja la Margaret. Mashua ilizama kwa sekunde chache. Kati ya watu 35 waliokuwamo, watalii na waongozaji wao kutoka Korea Kusini pamoja na mabaharia wawili wa Hungaria, waliopona ni 7. Mwaka 2023 mahakama ilimhukumu nahodha wa meli kubwa kifungo cha miaka mitano na nusu. Ni rahisi kumlaumu mtu mmoja aliyeshika usukani usiku ule. Lakini nani alikubali meli za ukubwa ule na mashua ndogo za matembezi zizunguke pamoja, gizani, katika mkondo mkali, mbele ya nguzo za daraja, kwa sababu tu mandhari ya usiku inauzika?

Hapo ndipo suala hili linapotugusa sisi. Msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kusimama kwenye pantoni akitoka Magogoni kwenda Kigamboni anajua kwamba njia yake inakatiza mlango wa bandari, pale pale inapopita meli ya makontena. Wa Mombasa anajua hivyo hivyo kuhusu Likoni. Kanuni za kimataifa tulizozitaja zinasema kwamba katika mlango mwembamba chombo kidogo kisimzuie yule asiyeweza kupita kwingine, na hilo ni sawa, kwa kuwa meli kubwa haisimami kama gari. Lakini kanuni hiyohiyo haimpi mkubwa ruhusa ya kutoangalia. Maafa yetu makubwa, ya Mtongwe mwezi Aprili 1994 na ya MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara mwezi Septemba 2018, hayakutokana na mgongano, na si vema kuyachanganya na ya London. Hata hivyo yanafanana kwa jambo moja: hatari ilikuwa ikionekana kila siku na kila mtu, hata ikazoeleka.

Tena tutazame waliolipa gharama ya mabadiliko. Familia za waliokufa London zilipigania uchunguzi wa wazi kwa zaidi ya miaka kumi. Nahodha wa Bowbelle alishtakiwa kwa kutoweka waangalizi ipasavyo, na mabaraza mawili ya wazee wa mahakama yakashindwa kukubaliana. Mwaka 1995 baraza jingine, lililochunguza vifo, lilisema kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria. Katikati ya hayo wazazi waligundua kwamba marehemu 25 walikuwa wamekatwa mikono kwa ajili ya utambuzi wa alama za vidole, pasipo wao kuambiwa. Mtu anayezungumzia usalama wa mtoni kana kwamba ni suala la maboya na vibao tu, asisahau kwamba wafu nao wanadai heshima, na walio hai wanadai ukweli.

Matunda ya mapambano hayo yanaonekana. Kabla ya hapo Thames haukuwa na kituo hata kimoja cha mashua za uokoaji za taasisi ya hiari inayohudumia pwani za Uingereza. Ilidhaniwa kwamba mto wa mjini hauna haja nazo, na kwamba polisi wa mto, waliokuwapo tangu mwaka 1798, wangetosha. Mwezi Januari 2002 vilifunguliwa vituo vinne kwa mpigo: Gravesend, Tower, Chiswick na Teddington. Kile cha Tower, kilicho chini ya Daraja la Waterloo, ndicho kinachoitwa mara nyingi kuliko vituo vyote vya taasisi hiyo. Kwa hesabu hiyo tu, ile dhana ya kwamba maji ya mjini ni maji ya upole imekanushwa.

Kwa maoni ya mwandishi, miji yetu inayoanza kufungua kingo zake kwa boti za kisasa iyafanye mambo mawili kabla ya kununua vibao. Kwanza, ipime wimbi mahali penyewe, kwenye gati la wavuvi na si kwenye ofisi ya mwenye boti, kisha itoe kibali kwa kila aina ya chombo kulingana na wimbi hilo. Pili, isimpe yeyote kibali cha kubeba abiria asiyejua idadi yao. Usiku ule wa 1989 haikujulikana mara moja ni watu wangapi waliopanda Marchioness. Ukara pia, mwaka 2018, ndugu walikaa ufukoni siku kadhaa wakitaja majina, na haikujulikana mara moja ni watu wangapi waliokuwa ndani ya kivuko.