Sikuwa Nimezaliwa, Kwa Hivyo Usiniambie Nakumbuka Zamani

Kila nikiweka klipu ya gemu ya vita vya angani ya miaka ya tisini, komenti huwa ni zile zile mbili. Ya kwanza: "Buda, hizo ni gemu za wazee." Ya pili: "Tafuta doh ununue kompyuta ya maana kwanza." Leo najibu zote mbili, na sitajibu kwa upole.

Tuanze na wazee. Wing Commander ya kwanza ilitoka 1990. TIE Fighter, 1994. FreeSpace 2, 1999. Zote zilitoka kabla mimi sijazaliwa. Nyumbani kwetu hakuna mtu amewahi kushika joistiki, na kompyuta ya kwanza kuingia kwa hiyo nyumba niliinunua mimi. Sasa niambie, nitatamani aje kurudi mahali sijawahi kufika? Mtu akisikiliza benga ya miaka ya sabini hapa Nairobi mnasema ana masikio. Mtu akisoma riwaya ya kabla ya uhuru mnasema amesoma. Lakini mtu akicheza gemu ya 1994, ati amekwama utotoni. Utoto wa nani?

Nazicheza kwa sababu ni kali. Basi.

Chukua TIE Fighter. Kwanza wewe ndiye mbaya, unarukia upande wa Dola, ile yenye Darth Vader. Chombo wanachokupa mwanzo hakina hata ngao. Risasi chache tu na umekwisha. Halafu umeme wa chombo ni mmoja, unaugawa wewe mwenyewe. Ukijaza mizinga, injini inalegea. Ukitaka kukimbia, mizinga inakauka. Baadaye ukipewa vyombo vyenye ngao, hesabu inakuwa ngumu zaidi. Kwa hivyo huku adui yuko nyuma yako, kichwani unapiga mahesabu kama mama wa kibanda anayeamua leo aongeze mafuta au unga. Hakuna gemu ya simu yenye matangazo kila dakika mbili imewahi kuniheshimu hivyo.

Ama Wing Commander. Mwenzako wa kikosi akiuawa vitani, amekufa kweli. Kuna mazishi, jeneza linaachiliwa angani, na misheni inayofuata hayupo. Ukishindwa misheni, mara nyingi gemu haikurudishi mwanzo ujaribu tena. Hadithi inaendelea, ila vita vinaanza kuelekea kubaya, na unapelekwa kwenye misheni ambazo mshindi hazioni kabisa. Hiyo ni 1990, wasee.

Na kuna Elite, ya 1984, iliyotengenezwa na vijana wawili wa Uingereza, David Braben na Ian Bell, wakiwa wanafunzi wa Cambridge. Kompyuta waliyoilenga, BBC Micro, ilikuwa na kumbukumbu ya KB 32 pekee. Stika moja ya WhatsApp yaweza kuwa nzito kuliko hiyo. Ndani yake waliingiza galaksi 8, kila moja na sayari 256, kwa sababu hawakuzihifadhi: waliacha hesabu izitunge upya kila wakati. Leo wewe unashusha sasisho la GB 40 ili shujaa wako apate kofia mpya.

Hapo ndipo tunafika kwa komenti ya pili, ya kununua kompyuta ya maana.

Mimi natumia laptopu ya eks-UK niliyoinunua mtaa wa Luthuli kwa shilingi elfu ishirini na kitu. Haina kadi ya grafiki ya kujivunia. Feni yake ikianza kazi unadhani jirani anasaga mahindi. Na inaendesha TIE Fighter bila hata kutoa jasho. Toleo lake la 1995 liliingia kwenye CD moja. CD! Bando la wikendi linakutosha na chenji inabaki ya TikTok. Kuna waundaji maudhui wengi hapa mjini ambao kazi yao yote ni kuwaambia vijana wa miaka 16 kwamba bila mashine ya laki na nusu huwezi kujiita mchezaji. Wanapewa mashine za bure waonyeshe, halafu wanakuuzia aibu. Hiyo aibu ndiyo biashara yenyewe.

Si kwamba gemu za zamani zinafunguka tu ukibonyeza. Ukweli ni kwamba kompyuta mpya zinazikataa, na sababu zenyewe ni tamu kuzijua. Niliacha chuo mwaka wa pili, na somo la kompyuta lililoniingia kuliko yote nililipata nikitafuta ni kwa nini Wing Commander inakimbia kama imetafuna miraa usiku kucha. Jibu: ilitumia kasi ya prosesa yenyewe kama saa. Prosesa za 1990 zilikuwa polepole, kwa hivyo gemu ilikwenda mwendo wa kibinadamu. Ukiiweka kwenye mashine yenye kasi, vita vinaisha kabla hujajua adui alikuwa wapi. Kwa hivyo unatumia DOSBox, programu ya bure inayojifanya kompyuta ya zamani. Unaipunguza kasi kwa Ctrl na F11, unaiongeza kwa Ctrl na F12, hadi uone nyota zinapita kwa adabu.

Gemu za Windows 95 nazo zina ugonjwa wao. Nyingi programu yao ya kuzisakinisha ni ya biti 16, na Windows ya biti 64 haiendeshi kitu cha biti 16 hata uipigie magoti. Nyingine ziliandikwa kwa ajili ya kadi za 3dfx, kampuni iliyokufa na mali yake kununuliwa na Nvidia mwishoni mwa 2000. Yaani gemu inapiga simu kwa mtu aliyezikwa. Na X-Wing Alliance ya 1999 inadai joistiki. Huna? Haikutaki.

Sasa hasira yangu iko hapa. Haya matatizo yote yana dawa. Nani aliitengeneza? Si waliokula pesa za gemu hizo. Ni watu wa kawaida, usiku, bila mshahara. DOSBox ni kazi ya watu wa kujitolea. Zile programu ndogo zinazotafsiri lugha ya 3dfx kwa kadi za leo, vivyo hivyo. Mashabiki wameichukua X-Wing Alliance wakaivisha picha za kisasa, halafu wakaijenga TIE Fighter upya ndani yake. Hata duka la GOG, ambalo nalipenda na ambalo lilizirudisha X-Wing na TIE Fighter sokoni 2014, linakuuzia gemu nyingi za DOS zikiwa zimefungwa na DOSBox hiyo hiyo ya bure. Mwenye haki anakusanya, fundi anashukuriwa kwa emoji.

Mfano wangu wa kufa nao ni FreeSpace 2. Ilitengenezwa na studio ya Volition, ikachapishwa na Interplay mwaka 1999. Wakaguzi waliisifu sana, wanunuzi wakaipita. Kuna misheni unaingia ndani ya wingu la gesi, huoni mbele, rada inachezacheza, halafu kitu kikubwa kama mtaa mzima kinapita kando yako na wewe unazima mdomo hata kama uko peke yako chumbani. Sitakuambia kinachofuata.

Gemu hiyo ingekuwa maiti leo. Lakini mwaka 2002 Volition walifanya jambo ambalo kampuni karibu zote zinaogopa: walitoa kodi yote ya gemu (si ile ya landlodi, ile ya waandishi wa programu) watu waisome na kuibadilisha, mradi wasiifanyie biashara. Mashabiki waliidaka na hawajaiachilia hadi leo. Wamerekebisha mwanga, wameongeza ukali wa picha, wameandika kampeni nzima mpya ndefu kuliko ya kwanza, na inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. Agosti 2023 kampuni mama, Embracer, iliifunga Volition baada ya miaka 30. Studio imekufa. Gemu yao ya 1999 inaendelea kupata marekebisho.

Na kabla mtu hajaniletea ile ya "lakini wenye gemu wana haki zao", sikiza vizuri. Kutoa kodi hakukumaanisha FreeSpace 2 ni ya bure. Picha, sauti na misheni bado ni mali ya mtu. Unainunua GOG, bei ya kawaida haifiki dola 10, yaani kama shilingi 1,300, na ikishushwa bei ni hela ya chipsi kuku. Halafu unaweka kazi ya mashabiki juu yake. Mwenye gemu anaendelea kuuza kitu cha 1999 kwa sababu watu asiowalipa wamekifanya kiendelee kufunguka. Hapo ni nani ameibiwa?

Lakini wakubwa hawataki kusikia. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti: asilimia 87 ya gemu zilizotoka huko kabla ya 2010 haziuzwi tena popote. Hata uwe na pesa mkononi, hakuna wa kumpa. Maktaba na watafiti wakaomba ruhusa ya kuzifungulia wasomaji wao kwa mbali. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikakataa, na mojawapo ya hofu zilizotajwa ilikuwa kwamba watu wataishia kuzicheza kwa kujifurahisha. Soma tena. Ukienda McMillan kuazima riwaya, kuna mtu hukuuliza kama unapanga kuifurahia?

Usidhani hii ni shida ya gemu za kale. Linganisha hizi mbili. The Crew ya Ubisoft, gemu ya magari, ilitoka 2014. Ilitaka seva kila wakati, hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na watu walioilipia wakabaki na jina tu. TIE Fighter ni ya 1994 na jana usiku imenitwanga mara nne. Ya 1994 inafunguka, ya 2014 ilizimwa. Ile ya zamani haikuwa na mkono wa mtu kwenye swichi. Hicho ndicho kilichomfanya Mmarekani Ross Scott aanzishe kampeni ya Stop Killing Games, na Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni 1. California nayo ilipitisha sheria 2024 kwamba duka lisikuambie "nunua" kama kwa kweli linakukodishia leseni. Sisi huku tunalipa kwa dola zile zile, kwa maduka yale yale, na sijasikia mtu yeyote akiuliza.

Halafu tazama alikoenda Chris Roberts, jamaa aliyetupa Wing Commander. Mwaka 2012 aliomba mashabiki wachange atengeneze Star Citizen. Walichanga. Zimepita dola milioni 700. Kuna meli ndani yake zinauzwa kwa mamia ya dola, meli za picha tu, na miaka 12 baadaye bado ilikuwa inaitwa alfa. Inataka mashine ambayo bei yake ni karo. Wale wa "nunua kompyuta kwanza", hiyo ndiyo gemu yenu ya angani. Mimi niko kwa ile aliyoimaliza 1990.

Ninachotaka ni kidogo tu. Kampuni ikiacha kuuza gemu, au ikizima seva, itoe kodi kama Volition. Si picha, si muziki, si jina. Kodi tu. id Software walifanya hivyo na Doom mwaka 1997, na hawakufilisika kwa sababu hiyo. Anayekataa kuiuza na pia anakataa wengine waitunze hana hasara anayoilinda. Anaringa tu.

Kwa mwenye laptopu kama yangu: anza na TIE Fighter ya GOG, kifurushi kina toleo la DOS na la baadaye, jaribu la DOS kwanza. Panya inatosha kwa kuanzia. Joistiki za mitumba huwa zinajificha kwenye makatoni ya nyaya huko mjini, uliza bei kama hujali. FreeSpace 2 iache ya pili, na usifungue video za mwisho wake. Punguza madoido ikigoma. Na ukikwama, niandikie umekwama wapi na Windows yako ni gani, si "bro haifanyi".