MZAZI NA MWANA: Mike Boit alikimbia na vitabu mkononi

Pita Kenyatta Market Jumamosi adhuhuri, kati ya moshi wa nyama choma na vibanda vya wasusi, na hutakosa kumsikia mzazi akilalamika. Huyu bintiye hashiki kitabu, yule mwanawe anashinda uwanjani. Mmoja atasema mchezo haujazi sufuria. Mwenzake atamjibu kwamba siku hizi mbio zinajenga nyumba za ghorofa. Nyama inakatwakatwa ubaoni, kachumbari inaletwa, na kesi haiishi.

Mimi katika kesi hiyo humwita shahidi mmoja, Mike Boit.

Vijana wengi hawamjui, na si kosa lao. Mwaka wa 1972, katika Olimpiki ya Munich, Boit alikuwa kwenye fainali ya mita 800 pamoja na Mkenya mwenzake Robert Ouko. Nyuma yao alikuwepo Mmarekani mmoja aliyevaa kofia, Dave Wottle, ambaye mwanzoni aliachwa hata watu wakamsahau. Mita za mwisho Wottle akawapita mmoja mmoja. Yeye wa kwanza, Arzhanov wa Umoja wa Kisovieti wa pili, Boit wa tatu. Kati ya dhahabu na shaba hapakuwa na hata sekunde 0.2. Siku chache baadaye Boit akawa wa nne katika mita 1,500, mbio ambazo Kipchoge Keino alipata fedha.

Kijana huyo alikuwa pia mtu wa masomo. Vyuo vya Marekani humlipia karo mwanafunzi hodari wa michezo, awe wa mpira, wa kuogelea, hata wa kupiga makasia mtoni. Wakenya walipitia mlango huo kwa miguu yao. Boit alisoma Eastern New Mexico University, katika mji mdogo wa Portales, akiikimbilia timu ya chuo na papo hapo akitafuta shahada.

Hapa ndipo wazee wa nyama choma hunyamaza kidogo. Mwaka wa 1976 Boit alikuwa na umri wa miaka 27, mwanariadha aliyekomaa. Kenya ikasusia Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Hoja ilikuwa ya haki, sibishi. Lakini Alberto Juantorena wa Cuba alishinda mita 800 kwa dakika 1:43.50, na mwaka huo huo Boit alikimbia 1:43.57 mjini Berlin. Hesabu tofauti yake mwenyewe, msomaji. Mwaka uliofuata walikutana Düsseldorf katika Kombe la Dunia, na Juantorena akamshinda kwa sekunde 0.1 tu.

Mwaka wa 1980 Kenya ikasusia tena, safari hii Moscow, kwa ajili ya vita vya Afghanistan. Olimpiki mbili zikampita hivyo, na hakuna aliyemwuliza. Baada ya Munich alipata medali za Jumuiya ya Madola: fedha mwaka wa 1974, dhahabu ya mita 800 kule Edmonton mwaka wa 1978, na shaba ya mita 1,500 mwaka wa 1982.

Masomo yake, lakini, hayakusubiri ruhusa ya serikali yoyote. Alikwenda Stanford, kisha chuo kikuu cha Oregon, akatoka huko na shahada ya uzamifu. Katika miaka ya 1990 alikuwa Kamishna wa Michezo.

Mtu atanikumbusha habari za Henry Rono, na ana haki. Rono naye alikuwa mwanafunzi wa chuo Marekani, Washington State, alipovunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka wa 1978. Naye alinyimwa Olimpiki hizo mbili. Pombe na dhiki vikamwandama miaka mingi, hadi akabeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege. Alifariki mwaka wa 2024. Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba kumpeleka mtoto chuoni kwa mbio zake ndiyo kinga. Mtoto yuko ugenini, ana miaka 20, pesa zinaingia ghafla, na nyumbani kila mtu anapiga simu kuomba. Nani anamwuliza anavyolala na anavyokula?

Boit alirudi darasani akiwa profesa wa sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Alifundisha wanafunzi ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile Wottle alipowapita na kofia yake.