Tusione Mkono wa Mtu Kila Mahali

Mwaka 1952 homa yenye maumivu makali ya viungo iliwaangusha watu wengi katika uwanda wa juu wa Makonde. Dunia nzima leo inaiita kwa neno la Kimakonde, chikungunya, kwa jinsi inavyomkunja mgonjwa. Chanzo chake ni kirusi kinachoenezwa na mbu, si jirani.

Siku hizi wataalamu hufuatilia kwa hadubini jinsi virusi na chembe nyingine zinavyotembea ndani ya seli hai. Mwendo wake ni kama wa mbuzi watatu wa Msimbati: mmoja anazurura, wa pili amefungwa kamba mnazini, wa tatu anaswagwa kwenda zizini. Ukiwatazama kwa kitambo kifupi, huwezi kuwatofautisha.

Mwaka 2018 Vincent Briane, Charles Kervrann na Myriam Vimond wa Ufaransa walichapisha kipimo cha takwimu cha kuzitenganisha. Kwanza tunachukulia kwamba chembe inazurura kwa bahati tu. Kisha tunapima umbali mkubwa zaidi iliofika kutoka ilipoanzia, tukiulinganisha na muda wa safari. Ukiwa mdogo mno, chembe imezuiwa. Ukiwa mkubwa mno, inasukumwa. Ukiwa wa kati, hatuna haki ya kudai lolote zaidi ya bahati. Tena, kwenye maelfu ya njia, chache zitaonekana kusukumwa ingawa hakuna kinachozisukuma. Hesabu lazima ilizingatie hilo.

Hapo ndipo penye somo letu. Msiba ukifuata msiba, husemwa, "Kuna mkono wa mtu," na mara nyingi anayenyooshewa kidole ni bibi kizee asiye na mtetezi. Lakini katika parokia yenye familia nyingi, zitakuwapo zitakazopata misiba mitatu kwa mwaka mmoja bila mtu yeyote kuzitendea ubaya. Katekisimu, namba 2477, inatukataza kumhukumu jirani bila msingi wa kutosha.

Je, kukubali bahati ni kumkana Mungu? Hapana. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba maongozi ya Mungu hayaondoi bahati ulimwenguni.

Basi sisi tunaojiandaa kutumwa parokiani, tukiulizwa "Nani kafanya?", tusikimbilie jina. Tumpeleke mgonjwa zahanati, tusali na wafiwa, na tumlinde yule bibi.