Meno ya kahawia si uchafu
Ndugu mwandishi, kuziba na kung'oa meno umeeleza vizuri katika makala yako, ila sisi wa Arusha na Meru umetupita. Huku meno mengi ya kahawia si uchafu. Ni madini ya floraidi yaliyozidi kwenye maji, nayo hulidhuru jino likiwa bado linaumbika ndani ya taya, utotoni. Ndiyo maana wanaosugua kwa mkaa na mchanga (wapo, nawaona bombani asubuhi) wanamaliza tu tabaka la juu, kisha maji ya baridi yanawachoma. Kuchemsha nako hakusaidii: mvuke unaondoka, floraidi inabaki na kukolea. Hata magadi tunayotia kwenye maharage yaive haraka yana floraidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingine huku vinapita hapo mbali sana.

Madoa mepesi daktari huyang'arisha, mazito huyafunika kwa dawa yenye rangi ya jino. Likimeguka, huvishwa kofia. Makala ijayo tuambie kama bima zinalipia, maana nikiuliza dirishani najibiwa huo ni urembo.